Kihema cha kuwindia mnachoniuliza kila siku: bei yake, karatasi zake, na kwa nini sikutumii

Kamwene kwa wa Iringa na Njombe, ugonile kwa wa Tukuyu na Mbeya mjini, wengine wote habari zenu. Leo nilitaka kuwaonyesha kodi ya nyumba inavyonimaliza, lakini nimeshindwa. Tangu niweke ile picha niko ndani ya kihema cha mabaka msituni hapa Wisconsin, Marekani, swali ni lile lile: "Kaka, hicho kihema cha nini? Shilingi ngapi? Nitumie kimoja." Halafu chini yake wale wengine: "Anaringa huyo. Sisi huku ukikutwa na paja la swala ni kesi ya nyara za serikali, yeye anapiga picha na bunduki."

Siringi, jamani. Mtu wa kuringa hakai nusu siku kwenye kiti cha kukunja, baridi chini ya sifuri, anazuia kikohozi, anatazama matawi. Wala silalamiki, maana nikilalamika mtasema "si urudi Mafinga ukapasue mbao." Najibu nilichoulizwa, basi.

Hilo ni hema la kuotea. Halilaliwi. Unakaa ndani, mnyama anapita, hakuoni. Yako ya aina mbili. Kuna la waya wa chuma, ukilitoa kwenye mfuko linafumuka lenyewe. Shida ni kulirudisha, nimeona watu wazima na ndevu zao wanagombana nalo hadi giza linaingia. Na kuna la vitovu: kila ukuta una fito za faibaglasi zinazokutana katikati kwenye kitovu chenye kamba. Unavuta kamba kwa nje, ukuta unatanuka. Kuta nne na paa, dakika chache limesimama. Uzito ni kati ya kilo 7 na 12 hivi. La kawaida la watu wawili linauzwa dola 80 mpaka 100 na kitu. Yale ambayo kuta zake zenyewe ni wavu, wewe unaona nje na wa nje hakuoni, yanafika dola 300 na kuendelea. Zidisheni wenyewe kwa 2,500 na ushee, msinihesabie mimi mshahara.

Langu ni la bei ya chini. Kwangu mimi linatosha, na nasema kwangu mimi kwa sababu kuna Mtanzania mwenzangu hapa ana la wavu na atakuja kubisha huko chini. Abishe.

Ninachojua ni kwamba mabaka ya nje siyo yanayokuficha. Unafichwa na weusi wa ndani. Kitambaa cha ndani kinapakwa rangi nyeusi ili mwanga usipenye na kivuli chako kisicheze ukutani. Sasa mtu analipa dola 300, anaingia, anafungua madirisha ya pande zote ili "aone vizuri". Mwanga unapita kutoka nyuma hadi mbele na yeye katikati, kama sanamu ya nguo dukani. Kulungu wa huku, wale wa mkia mweupe, anamwona kabla hajakaa sawa. Fungua la mbele, pengine na la pembeni kidogo, la nyuma funga kabisa. Kaa nyuma, siyo dirishani. Na ndani vaa nyeusi, mikono na uso pia. Ile koti ya mabaka uliyoilipia dola 120 ndiyo inayokuuza ndani ya hema jeusi.

Ila msimu wa bunduki sheria ya hapa inataka nusu ya nguo za juu ya kiuno iwe ya rangi ya machungwa inayong'aa, au ya waridi inayong'aa, hiyo waliiongeza 2016. Mtauliza: si mnyama ataiona? Macho ya kulungu hayashiki machungwa vile yetu yanavyoshika. Anachoshika haraka ni mwendo wako. Hema lenyewe nalo, kwenye ardhi ya jimbo msimu wa bunduki, linatakiwa kuwa na kitambaa cha rangi hiyo kinachoonekana kutoka kila upande, inchi za mraba 144, yaani kama 12 kwa 12. Kinakulinda wewe. Mwenye bunduki mwingine akiona kichaka hajui kama ndani kuna mtu.

Kitu cha pili ni kelele. Ukienda dukani usiulize rangi, ulizia dirisha linafungwaje. Fungua, funga, sikiliza. Velkro, ule utepe wa kunata, ikichanwa asubuhi ya kimya, msitu mzima umesikia. Zipu afadhali kidogo. Mimi nachagua ndoano na vitanzi vya kamba, unashusha pazia polepole bila sauti. Halafu ingia na kiti chako ukae humo humo dukani, wakushangae tu. Dirisha likiwa juu ya mabega yako umenunua turubai. Anayetumia upinde anahitaji nafasi zaidi juu ya kichwa na nyuma ya kiwiko, kwa hiyo hilo la watu wawili kwake ni la mtu mmoja. Mshale unaweza kupita kwenye wavu wa dirisha kama chembe yake, ile ncha ya chuma, ni ya kudumu. Zile chembe zinazofunguka zinaweza kufunguka palepale wavuni na mshale ukapotea njia. Wa bunduki atoe wavu, na ahakikishe mdomo wa mtutu hauelekei kitambaa. Kwenye darubini ya bunduki unaona peupe, kumbe mtutu uko chini yake unaelekea kwenye ukingo wa dirisha.

Bata mzinga wa porini hawajali, unalisimamisha shambani na wanapita. Kulungu anajali sana. Anajua msitu wake, akikuta kitu cha mraba ambacho jana hakikuwepo anapiga mguu chini na kuondoka. Kwa hiyo linawekwa siku nyingi kabla, linachomekwa matawi, linapigwa vigingi na kamba maana upepo unalibeba. Sakafu unafagia majani makavu. Theluji ikianguka uikung'ute, la sivyo fito zinavunjika.

Na hapo ndipo karatasi na pesa zinaingia. Kwenye maeneo mengi ya umma lazima uling'oe jioni. Mnyama atalizoea saa ngapi? Kwa hiyo unatafuta mwenye shamba akuruhusu. Na mimi, jina langu hili, rangi yangu hii, kugonga mlango wa mzee shambani kumwambia naomba niwinde kwako... tuiache hiyo. Mzee niliyempata ni mtu mwema, nampelekea nyama.

Leseni ya kulungu kwa bunduki, mkazi wa jimbo analipa dola 24, mgeni zaidi ya 150. Nilishakuwa mkazi. Nina mkataba wa nyumba, nina bili ya umeme. Kijana wa kaunta ananiambia hajaridhika, niende na karatasi nyingine. Nyuma yangu foleni, watu wananitazama kana kwamba nimekuja kuiba mnyama wao. Na aliyezaliwa kuanzia tarehe 1 Januari 1973 lazima awe amefanya kozi ya usalama wa uwindaji. Nimefanya, nimefaulu, cheti ninacho. Mwenye viza ya muda ajue kwamba sheria ya serikali kuu inamkataza bunduki, ingawa leseni halali ya uwindaji ni moja ya njia zinazomfungulia. Lakini kila mtu na karatasi zake. Usiende kwa mwanasheria ukasema nimesikia kwa jamaa wa Mafinga.

Mnajua kilichoniuma zaidi? Msimu wa bunduki wa siku 9 unaanza Jumamosi kabla ya sikukuu yao ya Shukrani. Kazini wanaomba ruhusa, wanapewa. Mimi kuomba, msimamizi akacheka: "Wewe unataka kuwinda nini?" Zamu ya usiku nikafanya mimi. Haya, tuendelee.

Sasa "nitumie kimoja". Ndugu zangu, likiwa kwenye mfuko linakaribia mita moja na robo. Mashirika mengi ya ndege yanajumlisha urefu, upana na kimo, ikizidi sentimita 158 unalipia mzigo mkubwa hata kama ni mwepesi. Likifika Dar kuna ushuru wa forodha, kuna VAT asilimia 18. Halafu ni mabaka. Mwaka 2023 JWTZ iliwapa raia siku 7 wasalimishe mavazi ya jeshi na yanayofanana nayo. Hili siyo vazi, na hayo mabaka ni picha ya majani ya mwaloni. Lakini atakayemweleza askari pale Makambako tofauti ya jani la mwaloni na kombati ni wewe, siyo mimi. Na kuwinda huko kuna leseni za TAWA, mamlaka ya wanyamapori, na sheria ya wanyamapori ya 2009. Hema halina msamaha wa chochote.

Yule dada wa Matamba anayetaka kupiga picha tandawala, yule ndege mkubwa, kule Kitulo, wewe ndiye umeniuliza swali la maana. Ruhusa uombe TANAPA kwanza, ile ni hifadhi ya taifa tangu 2005. Hema lenyewe mpe fundi wa maturubai. Nje kijani kisichong'aa, ndani kitambaa cheusi kizito, fito za mianzi, hamkosi mianzi nyie. Lisiwe refu, kule juu hakuna mti wa kuzuia upepo. Dirisha liwe jembamba, usawa wa jicho ukiwa umekaa kwenye kigoda, na lifungwe kwa vifungo vya koti. Akikwambia ataweka velkro, kataa.