Gesi Inayoporomoka: Ndani ya Galaksi ya NGC 1097

Ndugu wasikilizaji, picha iliyo mbele yenu ni ya NGC 1097, galaksi iliyoko kwenye kundinyota la Tanuri, umbali wa takriban miaka ya nuru milioni 45. William Herschel aliigundua mwaka 1790.

Tazameni mikono yake miwili. Haianzii katikati, bali inachomoza kwenye ncha za upau, yaani msongamano wa nyota ulionyooka kama ufito na kukatiza kitovu. Kila mtu husifia mikono. Leo naomba tuiache, kwa sababu kazi yenyewe inafanywa na upau.

Nyota za upau zimeachana mno. Zinapishana bila kugusana. Gesi ni habari nyingine. Uvutano wa upau huisukasuka hadi mikondo yake ikagongana, na kila ikigongana hupungukiwa na mwendo wa kuzunguka. Ikishapungukiwa, huporomoka kuelekea ndani. Mapito yake mnayaona: ile michirizi miwili myeusi ya vumbi inayoambaa na upau.

Lakini haifiki kitovuni moja kwa moja, na hapa ndipo panaponivutia zaidi. Inakwama njiani, inarundikana, inakuwa pete yenye upana wa miaka ya nuru 5,000 hivi. Gesi iliyorundikana namna hiyo hujivuta yenyewe, ikasinyaa, na nyota zikazaliwa kwa mafungu. Vile vishada vya buluu mnavyoviona kwenye pete ni nyota changa zenye joto kali. Vingine vimefichwa na vumbi, hadi uvitafute kwa miale ya infraredi, isiyoonekana kwa macho. Zilizo kubwa hazidumu: kati ya 1992 na 2003 supanova tatu, yaani milipuko ya nyota kubwa zinazokufa, zilionekana katika galaksi hii.

Na katikati ya pete? Shimo jeusi, kitu chenye uvutano mkali kiasi kwamba hata nuru haichomoki. Mwaka 2015 wanaastronomia walitumia ALMA, mtambo wa antena ulioko Chile, kupima mwendo wa gesi inayolizunguka; wakakuta lina uzito wa majua milioni 140 hivi. Linakula, ndiyo, ila kidogo kidogo, maana gesi nyingi imezuiliwa kwenye pete.

Njia Nyeupe, galaksi yetu, nayo ina upau, na karibu na kitovu chake kuna gesi tele. Ajabu ni kwamba gesi hiyo inazaa nyota chache kuliko wingi wake unavyotufanya tutarajie.