Kopo la Juu ya Kabati

Shikamooni wazee wangu. Wengine, habari za mchana. Nimerudi tena hapa Mwanga, Kigoma, na jambo lile lile, na nitalisema mpaka makopo yapungue: kopo la dawa lililo juu ya kabati.

Mwaka jana nilikwenda Ujiji kumjulia hali jirani yangu wa zamani. Nikamkuta kijana wake mkekani, anatetemeka. Amekunywa dawa gani? Mama akateremsha kopo la maziwa, akalimwaga lote kwenye ungo. Vidonge vitatu vya rangi mbili, ile antibiotiki, ndani ya kipande cha gazeti. Panado zimegeuka njano. Vidonge vyeupe visivyo na jina. Na pakiti ya ALu, dawa ya malaria, tupu. "Zilibaki nilipougua mimi," akasema, "nikampa yeye."

Hebu tuhesabu pamoja. Dozi ya mtu mzima ni vidonge 24: vinne hapo hapo, vinne baada ya masaa manane, kisha vinne asubuhi na vinne jioni kwa siku mbili. Mama alimeza 16, homa ikashuka, akaacha. Kijana akapata nane. Dozi moja, wagonjwa wawili, na hakuna aliyetibiwa.

Najua mtasema, "Lakini mama alipona!" Alipata nafuu. ALu ni dawa mbili ndani ya kidonge kimoja. Artemeta inapiga haraka, homa inashuka, unasimama. Lumefantrini ndiyo inayobaki mwilini siku kadhaa, ikimalizia vimelea vilivyosalia. Ukiacha njiani, vile vigumu ndivyo unavyovilea. Tena lumefantrini haiingii vizuri mwilini bila mafuta. Sisi watu wa Kigoma, wenye mawese, wenye migebuka, tunameza ALu kwa chai ya rangi! Inaniuma sana.

Wazee mnaikumbuka klorokwini, dawa ya malaria ya zamani, jinsi ilivyotuwasha mwili mzima. Mwaka 2001 iliachwa kwa sababu vimelea vilikuwa vimeizoea, ikaja SP, dawa nyingine ya malaria. Mwaka 2006 SP nayo ikaachia nafasi, ikaja ALu. Mnataka na hii tuichoshe?

"Zahanati kuna foleni." Foleni naijua, nimeikalia na mtoto mgongoni. Lakini kopo halipimi. Homa inaweza kuwa malaria, inaweza kuwa nimonia. Yule kijana tulimpeleka, akatobolewa kidole, tone moja la damu, majibu hayakufika nusu saa. Akaanza dozi yake mwenyewe, nzima.

Mwenyekiti ananionyesha saa, basi haraka. Rangi mbili haitibu mafua; mafua ni virusi. Panado za miligramu 500, mtu mzima asizidishe nane kwa siku, na soma maandishi, kwa maana Panado ni paracetamol, na paracetamol ina majina mengi dukani na ikizidi inaharibu ini. Tramadol, ile dawa kali ya maumivu, huleta utegemezi na inaweza kuleta degedege. Ukiichanganya na pombe au Valium, dawa ya kutuliza, pumzi inaweza kukatika. Kama umeizoea na huwezi kuacha, usijifiche na usiikate ghafla, nenda hospitali useme. Huo ni ugonjwa, unatibika.

Niliomba mje na makopo yenu. Mama wa kanga ya kijani, naliona lako mfukoni. Njoo mbele, tulimwage hapa mezani tusome kimoja kimoja.