Farasi wa Duncan walikula nini?

Ahsanteni. Nitaanza na farasi, na mlionisikia zamani mnivumilie, maana nitayasema tena yaleyale.

Kila nikisahihisha insha kuhusu Macbeth, tamthilia ya Shakespeare ambamo jemadari Macbeth anamuua mfalme wake Duncan aliyelala kwake kama mgeni, nakuta orodha moja: upepo mkali, bundi, dohani zilizoanguka, ardhi iliyotetemeka, giza mchana. Halafu hukumu: "maumbile yanaomboleza kifo cha mfalme." Hapana! Maumbile ya tamthilia hii hayaombolezi. Yanalirudia kosa lenyewe.

Fungueni tendo la pili, onyesho la nne. Ross, mmoja wa wakuu wa Scotland, yuko nje na mzee mmoja asiye na jina, mwenye kumbukumbu ya miaka 70. Mzee anasema Jumanne iliyopita kozi aliyekuwa juu kabisa angani alishambuliwa na bundi, ndege wa kuwinda panya, akauawa. Ross anataja farasi wa Duncan. Wazuri, wenye mbio, mbegu teule. Wamevunja mazizi, wamekataa kutii kana kwamba wanataka vita na binadamu. Mzee anasema: husemwa walilana. Ross anajibu kwamba ni kweli, aliona kwa macho yake.

Sasa niambieni, ni nani aliyetunzwa na Duncan, akaaminiwa, kisha akavunja zizi? Mfalme alikuwa amemwambia Macbeth: nimeanza kukupanda, nami nitahangaika mpaka ustawi. Ni maneno ya mkulima kwa mche wake. Na Macbeth mwenyewe, kabla hajaua, anajihesabia: mimi ni ndugu yake, ni raia wake, tena ni mwenyeji wake, ilinipasa kumfungia muuaji mlango. Sisi tuliofundishwa tangu utotoni heshima ya mgeni hatuhitaji maelezo hapo. Farasi wale ni yeye.

Najua mtakalosema: Shakespeare aliandika mnamo 1606, watu wa zama zile waliamini ishara, naye akaziweka tu. Basi tazameni alikozitoa. Katika kitabu cha historia cha Mwingereza Holinshed ishara hizi si za Duncan hata kidogo. Ni za mfalme mwingine, Duff, aliyeuawa na Donwald, mtu aliyemwamini, ndani ya ngome aliyoisimamia Donwald mwenyewe. Bundi na mwewe wamo humo, na farasi wamo, lakini farasi wa Holinshed wanakula nyama ya miili yao wenyewe na kukataa chakula kingine. Shakespeare akawahamishia kwa Duncan, akawabadili: sasa wanalana. Anayenakili imani za watu tu hana haja ya kubadili nani anamla nani. Yeye alimtaka jamaa anayemla jamaa.

Bundi nitamgusa upesi. Hata kwetu akilia juu ya paa watu hunyamaza, ndiyo maana wanafunzi humkimbilia. Lakini Macbeth anapotoka na damu mikononi na kumuuliza mkewe kama amesikia kelele, mke anajibu: nimesikia bundi, na nyenje. Nyenje! Wadudu waliolia jana na juzi. Sauti ni ya kila usiku, sikio ndilo lililogeuka.

Kuhusu ile "Amina" iliyomkwama Macbeth kooni baada ya kuua nilitaka tukae sana, ila naonyeshwa saa. Niseme hili la mke. Kabla ya mauaji aliuita usiku mzito uje ufunike kisu. Baada ya mauaji akasema maji kidogo yatatuosha. Katika tendo la tano anatembea usingizini, anasugua mkono mkavu, na ameamuru taa isikose karibu naye kamwe. Usiku alioualika haupatani naye tena.

Lugha isiwe kisingizio: S. S. Mushi alitufasiria tamthilia hii mwaka 1968. Mwenye nakala, tafadhali simama utusomee sehemu ya yule mzee. Polepole, na ukifika kwa farasi, tua kidogo.