Daftari Kwanza, Mchango Baadaye

Mhadhara kwa vyama vya akina mama na wahudumu wa afya ya jamii, Kisumu

Mama zangu, ndugu zangu, hamjambo.

Mtoto akiugua miezi na miezi bila jibu, sisi huitisha mchango. Tunafanya hivyo kwa upendo, lakini pesa nyingi huishia kulipia vipimo vilivyokwisha kufanywa. Mtoto ametolewa damu kwenye zahanati, akatolewa tena hospitali ya kaunti, na akifika hospitali ya rufaa, Jaramogi au Eldoret, anaanza upya, kwa sababu majibu ya kwanza yalibaki kwenye faili alikotoka. Kabla ya bahasha, mnunulieni mama daftari.

Ukurasa wa kwanza: tarehe ya kuzaliwa, uzito wa kuzaliwa, chanjo, dawa zilizomdhuru. Kurasa zinazofuata, kila siku mstari mmoja: joto asubuhi na jioni kwa kipimajoto (mkono kwenye paji la uso hautoshi), alichokula, alichotapika, na jina la dawa kama lilivyoandikwa kwenye pakiti pamoja na miligramu zake. Uzito upimwe kila mwezi kwa mizani ile ile. Kila jibu la maabara lipigwe picha kwa simu siku hiyo hiyo, na filamu ya eksirei ibebwe nyumbani.

Akipatwa na degedege, mmoja amlaze ubavu bila kumtia chochote mdomoni, mwingine arekodi video inayoonyesha uso na mikono yote miwili, na saa iangaliwe ilipoanza na ilipokoma. Wakifika hospitalini degedege imeshapita, na daktari hana kingine cha kuona ila video hiyo.

Sasa yale yanayopoteza jibu. La kwanza ni antibiotiki za dukani. Mtoto akishapewa, damu ikioteshwa maabara huenda isionyeshe kijidudu chochote, hata kama kipo. La pili linatuhusu sana huku Nyanza na Magharibi, ambako selimundu (sickle cell), ugonjwa wa damu wa kurithi, ni ya kawaida. Mtoto akiwa na damu kidogo mara kwa mara, macho ya manjano, au vidole vilivyovimba na kuuma, ombeni kipimo cha aina ya hemoglobini, si cha kiwango chake tu, na sampuli ichukuliwe kabla ya kuongezewa damu. Damu ya mtu mwingine ikishachanganyika na yake, majibu yanaweza kudanganya kwa takribani miezi 3. Lakini akihitaji damu kwa dharura, asicheleweshwe: sampuli ndogo huchukuliwa wakati ule ule wa kutafuta damu inayolingana na yake.

Mfundisheni mzazi maswali matatu. Mnashuku nini? Mmeshaondoa nini? Kipimo hiki kikirudi, matibabu yatabadilika vipi? Swali la tatu huokoa pesa, maana kipimo kisichobadilisha kitu kinaweza kungoja. Asione haya kuuliza, daktari mzuri hakasiriki.

Upande wa pesa, hakikisheni familia imo kwenye SHA, bima ya afya ya serikali, kabla mtoto hajalazwa. Usajili ni kwa *147#, na mtoto aingizwe chini ya mzazi. Kusajiliwa pekee kunatosha kwa matibabu ya zahanati na kituo cha afya, ngazi ya 2 na 3, lakini hospitali kubwa huangalia kama mchango wa bima umelipwa. Hapo ndipo wengi hukwama: wanadhani wamo, kumbe hawajalipa. Asiye na mshahara hupangiwa kiwango kulingana na hali ya nyumba yake, na kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka. Chama kikilipa hizo 3,600 mapema, kimefanya zaidi ya harambee ya baadaye.

Akilazwa, mzazi aende ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali siku ya kwanza, akiwa na barua ya chifu au naibu wake. Wengi hungoja hadi bili ya kutoka, na wakati huo deni limeshawafunga.

Vitu ambavyo bima hailipi ndivyo vyenu: nauli, chakula cha mama wodini, ugali wa watoto waliobaki. Pangeni zamu. Kama mama anauza omena sokoni Kibuye, mmoja wenu akae kwenye meza yake siku za kliniki, maana meza ikifungwa wiki mbili wateja wanahama na mtaji unaliwa. Pesa zishikwe na watu wawili, ziandikwe kwenye daftari la pili, na picha ya mtoto isizungushwe kwenye simu za watu.

Na ulimi. Pasipo jibu, mama ndiye hulaumiwa. Utasikia watu wakinong'ona kuhusu chira, laana ya kuvunja mwiko. Msimuulize kila siku, "Bado hawajajua?" Mwambieni, "Kesho nitapika mimi," na mje na sufuria.

Wahudumu, mkipita nyumbani pimeni mzunguko wa mkono wa juu kwa utepe. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5, chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali, hapelekwi kesho. Vivyo hivyo akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akipatwa na degedege, au akilegea asiamke vizuri. Safari hiyo ni ya usiku huo huo, na daftari liende naye. Namba ya mwenye gari iandikwe leo nyuma ya jalada.