Kufufua ufito wa kuvulia uliofungwa ovyo

Karibu tena mezani, ndugu mtazamaji. Ufito huu wa futi 7 niliuziwa kama kazi ya oda, iliyofungwa kwa mkono. Kwa mkono kweli, ila mkono wenyewe ulikuwa na haraka. Siku ya kwanza pale kwenye miamba ya Nyali, kolekole mdogo tu, pete ya tatu ya kupitishia mshipi ikang'oka na uzi wake.

Usianze kubomoa. Shika ufito kama unalenga bunduki, uchungulie kupitia kwenye pete. Unaona? Za katikati zimekwenda kushoto. Sasa sogea hapa kwenye mguu wa pete, kile chuma kinachofungwa na uzi kwenye ufito. Ncha ya chuma imeachwa wima kama kidato cha ngazi, uzi umeshindwa kuipanda, ukaacha pengo. Kuficha pengo, gundi imerundikwa mpaka imevimba kama kitumbua. Gundi nyingi haiongezi nguvu, inaongeza uzito.

Sasa tunazivua pete. Pasha gundi kwa draya ya nywele mpaka ukucha uingie. Wembe upite juu ya mguu wa chuma peke yake. Usikate uzi uliolalia ufito! Huu ni wa kaboni, na mkwaruzo mmoja wa wembe ndipo utakapovunjikia siku ukipata samaki wa maana. Ukishakata juu ya chuma, uzi uliobaki bandua kwa kucha, kisha futa kwa spiriti. Msasa weka mbali.

Kikalio cha rili, yaani pale kinapokaa kikunjio cha mshipi, kilikuwa kinacheza. Kumbe ndani mlishindiliwa karatasi. Nimeitoa, nikazungusha tepu ya wapaka rangi mikanda mitatu mpaka kikalio kikabana, na nafasi kati ya mikanda nikajaza epoksi, gundi ya kuchanganya sehemu mbili, A na B.

Pete zibandike kwanza kwa tepu, kubwa karibu na rili, ndogo kuelekea nchani. Pitisha mshipi, ufunge kwenye mguu wa meza, uinamishe ufito. Mshipi ufuate mpindo wa ufito. Huu wangu ulikata kona kali kwenye pete ya tano, nikaisogeza sentimita 2 kuelekea nchani, kona ikafa. Mafundi hubishana sana kuhusu upande gani wa ufito ni mgumu na pete zikae wapi. Mimi pete zikinyooka, sibishani.

Chukua tupa, uchonge ncha ya kila mguu iwe nyembamba kama ulimi. Anza kuzungusha uzi milimita chache nje ya mguu, ukienda kuelekea kwenye duara la pete. Mizunguko mitano ya kwanza ipite juu ya mkia wa uzi, halafu kata mkia. Kaza kiasi, sukuma kwa ukucha usiache mwanya. Ikibaki mizunguko minane hivi, laza kitanzi cha uzi mwingine, uendelee kuzungusha juu yake. Mwisho kata uzi wako, ncha yake itie kwenye kitanzi, vuta kitanzi kitoke. Ncha imemezwa, hakuna fundo. Nilirudia mara nne siku nilipojifunza, kwa hiyo usijilaumu.

Chungulia tena. Pete iliyopinda isukume sasa, maana gundi ikikauka imekwisha.

Epoksi pima kwa bomba la sindano, sehemu sawa za A na B, kila moja na bomba lake. Kukisia kwa macho ndiko kunakoacha gundi inayonata mwezi mzima. Koroga polepole usiingize mapovu, paka kwa brashi safu nyembamba, na uzi wa mwisho ufunikwe. Sasa kazi ya subira: zungusha ufito robo duara kila dakika chache, saa 4 au zaidi, gundi isitone upande mmoja. Mimi nimefunga injini ndogo ya sahani ya maikrowevu mbovu, inazungusha yenyewe huku nakunywa chai.

Uache saa 24 bila kuugusa, hata kwa kidole kimoja cha kujaribu. Ule mwingine ukutani unauona? Alama ile kwenye pete ya kwanza ni kidole changu.