Mshumaa, Maji na Swali la Darasa la Tano

Walimu tarajali, habari za asubuhi. Wiki ijayo mnakwenda kwenye mazoezi ya kufundisha, na najua wengine hamlali kwa ajili ya andalio la somo. Mimi kazi yangu huko ni kukaa dawati la nyuma na fomu ya tathmini. Leo nawasimulia kipindi cha kwanza cha kijana mmoja wa chuo hiki. Jina lake nalisitiri.

Sayansi, Darasa la Tano, dakika 40, watoto wamebanana madawatini. Kijana amejiandaa: sahani yenye maji, mshumaa umesimama katikati, glasi pembeni. Akawasha, akafunika. Mwali ukafifia, ukazimika, maji yakapanda ndani ya glasi. Shangwe! Akaeleza kama tulivyokaririshwa sote: moto umemaliza oksijeni, ambayo ni kama asilimia 21 ya hewa, na maji yameshika nafasi yake. "Mmeelewa?" "Ndiyooo, mwalimu!"

Hiyo "ndiyo" ya pamoja msiiamini. Watoto wetu wana adabu sana.

Binti mmoja wa dirishani akanyoosha kidole. "Mwalimu, mbona maji yamepanda sana mshumaa uliposhazimika? Ulipokuwa unawaka yalikuwa yametulia."

Hapo maelezo yote yakaanguka. Kama ni oksijeni kuisha tu, maji yangepanda taratibu muda wote mshumaa unawaka. Isitoshe, kuungua huzalisha kabonidayoksaidi na mvuke wa maji, na mshumaa huzimika ndani kungali na oksijeni. Kinachopandisha maji hasa ni kupoa. Joto la mwali hutanua hewa, nyingine hutoka, wakati mwingine mapovu utayaona ukingoni mwa glasi. Moto ukizimika, hewa iliyobaki inapoa na kusinyaa, mvuke unageuka maji, kisha kanieneo ya hewa ya nje inayasukuma maji yaingie.

Kijana hakuwa na jibu hilo kichwani. Njia ya mkato ilikuwepo: "Hayo mtayasoma sekondari." Hakuipita. Alichukua mshumaa wa pili, akaubandika kando ya ule wa kwanza, na kabla ya kuwasha akauliza: glasi ni ileile, hewa ni ileile, maji yatapanda vilevile au zaidi? Darasa likagawanyika, watu wakabishana hadi mwalimu wa darasa la jirani akaja kuchungulia. Yakapanda zaidi. Sasa oksijeni ndiyo iliyoongezeka, au ni joto? Kengele ikalia wakiwa bado wanabishana.

Kipengele cha muda nilimpunguzia alama, maana hitimisho halikufanyika na zoezi halikutolewa. Kwa ushirikishaji wa wanafunzi nilimpa zote. Jioni tulikaa chini ya mwembe tukapitia kutanuka kwa hewa, na kipindi kilichofuata akawarudishia maelezo sahihi, akisema wazi kwamba yale ya awali yalikuwa na kasoro.

Mkipangiwa jaribio la wanga kwenye jani, spiriti isiwekwe juu ya moto moja kwa moja. Ichemsheni ndani ya chombo cha maji ya moto, jiko likiwa limezimwa. Na kila jaribio lifanyeni usiku wa kabla, kwa vifaa vilevile mtakavyoingia navyo.

Sahani, mishumaa mitatu na glasi pana viko hapa mezani. Kabla sijawasha, kila mmoja aandike anachotabiri.