Viini viwili vya uyoga mamama na safari yao mpaka kwenye spora

Haya jamani, tuchukue uyoga mamama, huu huu tunaoulima kwenye mifuko. Ule utando mweupe unaojaa mfukoni, kila seli yake ina viini viwili, yaani zile sehemu za seli zinazobeba urithi, kila kimoja kimetoka kwa mzazi wake, na haviungani! Seli ikigawanyika vyote viwili vinagawanyika kwa pamoja, halafu ubavuni panaota kandoana kadogo kanakopitisha kiini kimoja kwenda seli ya nyuma, ili kila seli ibaki na jozi kamili. Mi hako kandoana nakapenda sana, ukikaona kwenye hadubini unajua utando umeshaoana.

Sasa geuza kofia, angalia zile karatasi nyembamba za chini. Zimejaa seli zenye umbo la rungu, zinaitwa basidio, na ni humo tu ndo viini viwili vinaungana kuwa kimoja, na wala havikai, meiosisi inaanza, yaani ule mgawanyiko unaopunguza urithi kuwa nusu, kromosomu (nyuzi zinazobeba urithi) zinabadilishana vipande, kiini kinagawanyika mara mbili tunapata vinne. Juu ya basidio vinaota vijiti vinne, ncha zinavimba, kila kiini kinajibana kupita kijitini mpaka ndani ya spora yake, yaani ile chembe ndogo ya uzazi ya uyoga.

Spora mwenyewe unaweza kuziona, weka kofia juu ya karatasi nyeusi, funika na bakuli usiku kucha, asubuhi unakuta vumbi jeupe limechora mistari ile ile ya karatasi za uyoga.

Uyoga wa vifungo, Agaricus bisporus, una mambo yake. Basidio yake mara nyingi inatoa spora mbili tu, viini vinne vinagawana viwili viwili, kwa hiyo spora moja inaweza kuota ikazaa uyoga peke yake bila kutafuta mwenza. Mamama haiwezi hivyo, spora yake ina urithi wa upande mmoja, lazima ikutane na nyingine inayoendana nayo.

Ndo maana anayetaka mbegu inayofanana na uyoga wake mzuri nasema asianzie kwenye spora, kule urithi umeshachanganywa, achukue kipande cha nyama ya ndani ya shina kikiwa safi, jozi yake bado ni ile ile. Na mvune kabla kingo za kofia hazijakunjuka kwenda juu maana hapo spora zinamwagika hewani kwa wingi, ukizivuta kila siku bandani kifua kinaumia, kwa hiyo barakoa ivaliwe.